Mkono wa Kuniozesha

Mimi sijui kukaa. Mama husema nilizaliwa njiani, na kweli nilizaliwa njiani, baba akiwa anamkimbiza mama zahanati kwa baiskeli, na tangu siku hiyo sijatulia. Duka langu la pembejeo liko Magomeni ya huku kusini, si ile ya Dar es Salaam, nauza salfa na dawa nyingine za mikorosho, lakini ukinikuta dukani umebahatika. Mara niko Rahaleo kwa mteja, mara niko Naliendele kuulizia miche, na katikati niko juu ya pikipiki. Wanaume wawili walishaniambia kwamba mwanamke wa pikipiki haolewi. Mmoja wao ni Kassimu, fundi wa friji, na ndiye huyo huyo aliyeleta posa.

Wiki ya ndoa yetu nilikuwa juu ya stuli napanga makopo ya dawa, simu ikaita. Alikuwa mama.

"Farida, baba yako anatetemeka tena."

"Anatetemeka vipi?"

"Kama zamani. Kikombe kimemponyoka sasa hivi. Mimi nilisema tangu mwanzo, watu wana kijicho."

Nilishuka, nikavuta mlango wa duka, nikawasha pikipiki. Salfa ilikuwa bado mikononi.

Baba yangu, mzee Hashimu, alianza kutetemeka mikono nikiwa bado shule ya msingi. Akiuweka mkono pajani umetulia, akiunyoosha kushika kitu unaanza kucheza. Chai ilifika mdomoni nusu, nusu nyingine ikabaki kwenye kanzu. Wasiomjua walisema mzee yule anakunywa uraka, pombe ya mabibo, yeye ambaye mabibo yakichacha tu huziba pua. Kidogo kidogo akaacha kula sahani moja na wenzake. Akaacha kupeana mikono, akawa anaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, na watu wakadhani ucha Mungu umemzidi.

Ulimi wake, lakini, ulikuwa mzima. Baba alikuwa msemaji wa kijiji kizima. Watani wetu Wamakua walikuwa wakimwona anakuja wanabadilisha njia, na hata msibani, watu wakishalia vya kutosha, ni yeye aliyewachekesha mpaka wakaweza kula.

Sasa kwetu, siku ya kufunga ndoa, baba wa binti hukaa mkekani ana kwa ana na bwana harusi. Wanashikana mikono ya kulia, shekhe anaifunika kwa kitambaa cheupe, na baba anatamka maneno ya kuozesha. Nilipoolewa mara ya kwanza, baba alikiogopa kitambaa kile. Alijua kitacheza mbele ya wanaume wote wa kijiji. Akampa uwakala mdogo wake, baba mdogo Bakari, yeye akajifungia chumba cha uani mpaka pilau likaliwa likaisha.

Ndoa ile ilidumu mpaka mume alipovuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta maisha. Aliyapata, na mke akampata huko huko, mimi nikaletewa talaka. Mimi nilimlaani yeye. Baba alijilaumu mwenyewe.

"Nilikuozesha kwa mkono wa kuazima," alikuwa akiniambia. "Na nguo ya kuazima, mwanangu, haisitiri."

Kwa hiyo aliposikia kwamba kuna upasuaji wa ubongo unaotuliza mikono ya wazee, hakuuliza kama unauma. Aliuliza kama unauweza mkono wa kulia. Nikampeleka India. Walimtoboa fuvu akiwa macho, maana mgonjwa lazima ashike kikombe na kuchora mistari ili madaktari wajue waya umefika penyewe. Waya mwingine wakaupitisha nyuma ya sikio, chini ya ngozi ya shingo, mpaka kwenye kisanduku cha betri walichokizika kifuani upande wa kushoto. Ukipapasa unakisikia, mfano wa kiberiti. Kisanduku kinatuma umeme kidogo kidogo, na mkono unatii. Siku tuliporudi kijijini, baba aliwamiminia kahawa wanaume wote barazani, kikombe kwa kikombe, na mama akaingia ndani kulia.

Lakini mkono ulikuwa unacheza kidogo bado, na Kassimu alishaleta posa. Tulipokwenda Dar es Salaam kwa daktari anayemwangalia baba, mimi ndiye niliyesema aongeze umeme. Daktari akasema twende taratibu. Nikamwambia mzee huyu ana mkono wa kushika mwezi ujao, taratibu ya nini? Akaongeza kidogo. Akasema tukiona jambo lolote jipya turudi.

Mkono ukatulia kabisa, na baba akawa mpole. Nikimpigia simu anasema "ee". Nikifika kijijini anatikisa kichwa. Mwaka huo alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele, nikasema ni meno, nikasema ni uzee, na kwa kweli sikusema mengi kwa sababu pikipiki ilikuwa bado inaunguruma nje. Kitu kimoja tu aliniomba kwa mdomo wake.

"Betri," alisema, na kunionyesha redio yake ya mkulima.

"Nitaleta, baba."

Nikasahau. Nikaja tena, nikasahau tena.

Kulikuwa na rimoti pia, ya kuwashia na kuzimia kile kisanduku. Walimkabidhi baba. Siku ya tatu nikawakuta wajukuu wameielekeza kwenye televisheni ya jirani, wanabonyeza mmoja baada ya mwingine. Nikawanyang'anya, nikaiweka kwenye droo ya duka langu, nikafunga kwa ufunguo.

Basi siku ile mama aliponipigia, nilifika kijijini vumbi mpaka kwenye kope. Kwetu ni mbele ya Mahurunga, pale maji ya Ruvuma yanapoanza kuonja chumvi. Baba alikuwa amekaa kibarazani, mkono unaruka juu ya goti. Aliponiona akanyanyuka.

"Farida, mwanangu, ngoja kwanza nikueleze..."

"Shikamoo baba, kaa chini, usijichoshe."

Nikaitoa rimoti, niliyokuwa nimeipitia kwenye droo. Ilionyesha kisanduku kimezimwa. Nikabonyeza, mkono ukalala. Baba akafumba mdomo, akanitazama, akaketi. Mama akapiga kigelegele. Kabla hajamaliza nilikuwa nishageuza pikipiki.

Kesho yake mkono ukarudi. Nikaenda, nikabonyeza. Keshokutwa ukarudi tena. Kwa kweli nilianza kuchanganyikiwa. Nilikuwa nalala naota kitambaa cheupe kinaruka. Mama alitaka aitwe mtu wa kusoma dua. Baba mdogo Bakari alisema vitu vya India ndivyo vilivyo. Mimi nikampigia daktari.

"Kuna sumaku karibu yake?" akauliza. "Sumaku inaweza kukizima kifaa cha aina hiyo. Ikiondoka ikaja karibu mara ya pili, kinawaka. Angalieni friji, angalieni spika kubwa."

Kijijini kwetu friji iko moja, na ni ya duka la soda. Lakini spika! Uani kwa mama kulikuwa na maspika mawili yaliyoletwa kwa ajili ya ngoma ya harusi, yamesimama ukuta mmoja na kitanda cha baba. Kassimu alithibitisha kwenye simu: spika bila sumaku haitoi sauti. Niliyahamisha siku hiyo hiyo, nayasukuma mwenyewe kwenye mchanga huku shangazi zangu wakisema bi harusi gani huyu. Yakapelekwa nyumba ya tatu. Nikarudi mjini nimeridhika kama mtu aliyemkamata mwizi.

Siku ya ndoa ikafika. Bi harusi kwetu hafanyi kitu, na hiyo ndiyo adhabu kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Waliniweka chumbani juu ya godoro, Asia, binti wa baba mdogo Bakari, akanichora hina mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akasema usishike kitu, usijikune, usiinuke. Mguu wangu ulikuwa unapiga sakafu wenyewe. Rimoti nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga, maana sikumwamini mtu.

Wanaume walishatoka kuswali adhuhuri. Nikasikia sauti ya baba mdogo Bakari nje ya dirisha, anazungumza na shekhe Selemani, tena kwa kunong'ona kwake kule kunakofika mpaka barabarani.

"Shekhe, kaka mkono umemrudia. Tangu asubuhi. Nadhani nikae mimi mkekani, kama siku ile."

Kama siku ile. Nilinyanyuka. Asia akapiga kelele, "Da Farida, hina!" Nilikuwa nishatoka kwa mlango wa uani, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Baba alikuwa nyuma ya jiko, mahali palipokuwa na kivuli, amelala chali kwenye kitanda cha kamba. Kanzu yake mpya ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Redio ya mkulima ameilaza kifuani, upande wa kushoto, na mkono wake wa kulia ulikuwa hewani unaruka. Nilitaka kupayuka. Kisha nikasimama, kwa sababu kulikuwa kimya. Redio ile haikuwa inasema chochote.

"Baba. Betri za redio nani kakuletea?"

"Nani alete?" alisema. "Nilimwagiza binti yangu mmoja, lakini yeye kila akija anakuja kuondoka."

Sentensi nzima. Sikuwa nimesikia sentensi nzima kwa baba yangu tangu tulipotoka Dar es Salaam, na wakati huo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimesikia.

"Kaa," akasema.

"Siwezi kukaa, nina hina."

"Hina iko mikononi, Farida. Kaa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wamesema sumaku," akaendelea. "Wewe ukahamisha maspika ya watu. Hii nayo si ina spika ndani? Siku moja nimelala nayo hivi hivi, nasikiliza taarifa ya habari, betri ziko mwisho mwisho. Mara mkono ukaanza kucheza. Nikasema lahaula. Na lahaula ikatoka nzima, mwanangu. Nzima! Nikashtuka kuliko nilivyoshtuka mkono."

"Nzima vipi?"

"Umeme ule waliouongeza unalaza mkono, na ulimi nao unalala. Watu husema ulimi hauna mfupa. Wangu ulikuwa umeota. Nikitaka kusema, maneno yapo kichwani yamepanga foleni, mdomoni hayapiti. Pale msikitini wakanitazama kama mlevi. Mimi! Nikaona bora ninyamaze."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa ulimi upi? Mkono ukicheza ndiyo naweza kusema, lakini mama yako akiona unacheza anakimbilia simu, na wewe unakuja kubonyeza."

Nilikasirika. Nasema kweli, kitu cha kwanza kilichonijia si huruma, ni hasira. Nikamwambia tumevuka bahari, ametobolewa kichwa, nimekuwa barabarani wiki nzima nameza vumbi, yote kwa ajili ya mkono ule, na leo ndiyo siku yake, anakizima kisanduku kwa redio mbovu! Nikamwambia baba mdogo Bakari yuko pale mbele anapiga pasi kanzu yake.

Baba akaningoja nimalize. Alikuwa na subira na watu wanaopiga kelele, kwani na yeye alikuwa mmoja wao.

"Basi sikiliza," akasema. "Sikiliza, halafu useme."

Akaiinua redio, akaibonyeza tena juu ya kisanduku. Mkono ukashuka polepole, ukatulia juu ya tumbo, mzuri kabisa, mkono wa kijana. Kisha akaanza kutamka maneno ya kuozesha. Nilimwona anavyosukuma. Jasho lilimtoka. Maneno yalitoka kama ya mtu mwenye ugali wa moto mdomoni, moja limepanda juu ya lingine, na lilipofika jina langu sikulitambua. Jina alilonipa yeye.

Akaiondoa redio, akairudisha tena. Mkono ukaruka.

"Umesikia?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Nimemuuliza shekhe Selemani. Kushikana mikono ni desturi, ni nzuri, lakini ndoa inafungwa kwa maneno. Miaka yote hii mimi nalilia mkono." Akacheka, cheko fupi. "Nikitamka ovyo mbele ya watu, watamwambia Bakari anisaidie. Itakuwa mara ya pili."

"Na ukitetemeka?"

"Nitatetemeka."

"Watu wataona, baba."

"Naogopa," alisema. "Usidhani siogopi. Nakiogopa kitambaa kile mpaka leo. Lakini jina lako nataka kulitaja mwenyewe. Baada ya harusi tutakwenda Dar wapunguze huo umeme, wapate pa katikati. Leo hakuna katikati." Akanitazama pindo la kanga. Alijua kilichofungwa humo. "Wewe ndiye unayeolewa. Ukitaka mkono, bonyeza."

Hina ilikuwa mbichi. Nikisema ni hina iliyonizuia nitakuwa nasema uongo, maana mimi ningebonyeza hata kwa kidevu. Niliangalia ule mkono. Nilikuwa nimeuchukia tangu utotoni, nimeuonea haya shuleni, nimeutafutia dawa mpaka ng'ambo. Ulikuwa unaruka juu ya tumbo lake na yeye alikuwa ananingoja.

"Vaa kanzu," nikamwambia. "Mimi nakwenda kumtoa baba mdogo mkekani."

"Wewe ni bi harusi!"

"Basi nani akimbie, wewe?"

Nikakimbia. Kijiji kile mpaka leo wanahadithia bi harusi aliyezunguka nyumba na kanga moja, mikono juu, akimwita baba mdogo wake kwa jina lake lote. Bakari alikuwa ameshaketi. Aliponiona aliinuka mwenyewe kabla sijasema neno.

Asia alinirudisha chumbani kwa kunivuta kanga. Dirisha la chumba linatazama barazani, na pazia lilikuwa jepesi. Nikasimama nyuma yake. Kassimu alikuwa amekaa mkekani na kofia mpya iliyombana, ndugu zake Wamakua kutoka Masasi wamejaa nyuma yake. Baba akatoka. Akatembea katikati ya watu mkono pembeni, akaketi, akaunyoosha.

Ukaanza.

Kassimu akaushika. Nilichompendea Kassimu siku ile, na nitampendea mpaka nife, ni kwamba hakuubana. Aliuacha ucheze, na wake ukacheza nao. Shekhe Selemani akafunika kwa kitambaa, na kitambaa kikaruka kama kuna kuku chini yake. Wanaume wakawa wanatazama miguu yao.

Kisha ami yake Kassimu, Mmakua mwenye sauti, akashindwa kuvumilia.

"Mkwe, taratibu! Kijana wetu huyo, si mkorosho. Mbona unamtikisa?"

Baba akageuza shingo, bila haraka.

"Namtikisa kwanza," akasema. "Nisije nikampa binti yangu mkorosho usiozaa."

Baraza likalipuka. Watu walicheka mpaka shekhe akavua miwani. Mmakua yule alilala chali kwenye mkeka, anapiga miguu. Mama, aliyekuwa jikoni na upawa, akauliza, "Ni yeye? Ni yeye huyo?" na hakuna aliyemjibu, kwa sababu kila mtu alijua ni yeye.

Shekhe akatuliza watu. Baba akavuta pumzi. Kitambaa kilikuwa bado kinaruka, hakikuacha hata kidogo, na juu yake sauti ya baba yangu ikatoka safi, bila kujikwaa.

"Kassimu. Nimekuozesha binti yangu, Farida, kwa mahari mliyokubaliana."

Kassimu akasema amekubali. Mimi nikajifuta machozi kwa viganja vyote viwili, na Asia akapiga yowe, kwa sababu hina yote ilihamia usoni.

Hivyo ndivyo baba alivyonikuta alipoingia kunipa mkono wa baraka, nina mashavu ya rangi ya matofali. Alicheka sana. Mama akamletea chai, imejaa. Akaitazama, akatazama mkono wake unaocheza, akanitazama mimi. Nikafungua pindo la kanga kwa meno, rimoti ikaangukia kiganjani mwake.

"Ni yako," nikamwambia. "Na betri za redio nitaleta."

"Nitazingoja," alisema.

Akabonyeza mwenyewe. Mkono ukatulia. Akakiinua kikombe, akakaa pembeni yangu kwenye godoro, na mimi nikakaa pembeni yake, akanywa chai yote mpaka chini bila kumwaga tone. Hakusema neno. Ya kusema alishayasema.